Anasikia Makopo, Hasikii Watu

Sijawahi kukiamini kitu cha bure. Kwa hiyo walipotuambia kwamba katika kijiji kipya watoto wadogo watalelewa bure, watapewa uji bure na watafundishwa bure kabla hata hawajajua kujifuta kamasi, nilimgeukia mume wangu nikamuuliza hawa watu wanataka nini tena. Ardhi walishaipata. Minazi ya marehemu mama mkwe walishaitia alama ya rangi nyekundu, makaburi tulishayaaga. Kilichobaki mikononi mwetu ni watoto, na sasa watoto nao walikuwa wamejengewa nyumba.

Hiyo ilikuwa miaka ya gesi. Gesi yenyewe sisi hatukuiona. Ilikuwa chini ya bahari, mbali na pwani yetu ya kaskazini, na walioiona waliiona kwenye mashine. Sisi tuliona malori, uzio na wageni waliokuja kutupiga picha tukiwa tumesimama mbele ya milango yetu. Tukahamishwa kutoka ufukweni, tukapewa nyumba za bloku zilizopangwa kwa mistari, bati jipya linalong'aa, na kila nyumba sawa na mwenzake, hata wageni wa harusi walikuwa wakipotea.

Nyumba yetu ilikuwa na watu wanne, lakini mume wangu alikuwa utingo wa lori, leo Awasse, kesho bandarini Mocímboa, na nyumbani alikuja kama mgeni. Kwa hiyo tulikuwa watatu: mimi, mwanangu wa kiume ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, na baba mkwe wangu.

Baba mkwe alikuwa msuka madema, ile mitego ya samaki ya mianzi. Tulikohamia bahari haionekani, wala harufu yake haifiki, lakini yeye aliendelea kusuka. Madema yakajaa nyuma ya nyumba mpaka kuku wakaanza kutagia ndani yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila alipotaka kusema alikohoa kwanza kidogo, khm, kama anayebisha hodi. Ugoro ndio uliomzoesha hivyo.

Mwanangu alipewa jina lake. Na kwetu mwanamke hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji kwake wala kwa jirani, na akiulizwa na serikali humtazama mumewe ajibu yeye. Siku ya kumwandikisha mtoto, mume wangu alilitaja na mimi nikaangalia dirishani. Hata hapa sitaliandika, na msomaji asilingoje. Nyumbani babu yake alimwita "somo", kama waitanavyo watu wa jina moja, na majirani wakafuata. Mimi nilimwita "baba", kama ninavyomwita mwenye jina. Nikisema "baba" waligeuka wote wawili, na mzee alikohoa akauliza, "Yupi?" Huo ulikuwa mzaha wake wa kila siku, na mimi nilicheka kila siku.

Hakuna kati yetu aliyeona ajabu yoyote katika jambo hili. Ilikuwa kama kula kwa mkono wa kulia.

Nilipopata kazi ya kuosha vyombo katika jiko la kambi, shida ikawa mtoto. Mzee na madema yake hangeweza kumkimbiza mtoto anayetambaa mpaka kwenye moto. Gari la kambi lilitupitia alfajiri na kuturudisha jioni, na kule hawataki mtu mwenye mbeleko. Sikuwa na njia nyingine. Nikampeleka kule kwenye nyumba ya bure.

Wenyewe waliiita skolinya, yaani shule ndogo. Kuta zilipakwa manjano. Mlezi wake, ambaye wote tulimwita edukadora, alikuwa binti wa bara, wa uwanda wa juu, msalaba mdogo shingoni na Kiswahili chenye lafudhi ya Kimakonde. Mimi nilimtazama tumbo. Hajazaa. Nikajiuliza, mtu asiyewahi kuamshwa na mtoto wake mwenyewe atamfundisha nini mtoto wa mwenziwe?

Siku ya kwanza alimpokea mwanangu vizuri, nakubali, akachuchumaa hadi macho yao yakalingana. Halafu akaniuliza, "Mama, nyumbani mnamwitaje?"

"Jina lake liko kwenye karatasi."

"Hilo nimeliona. Nauliza lile la nyumbani."

"Ni hilo hilo," nikasema.

Mwaka ule maneno yalikuwa mengi. Walisema kuna watu wanaozunguka na gari jeupe wakinyonya damu ya watoto. Walisema uji wa bure unatiwa dawa ya kusahaulisha. Mimi siyaamini maneno yote ninayoambiwa, lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jina la karatasini ni la serikali, hilo wachukue. La nyumbani analoitwa mtoto akiamka na usingizi machoni simpi mtu niliyekutana naye asubuhi hiyo hiyo. Na leo ningejibu vile vile.

Sikuwa nimefika hata kwenye gari nilipomsikia akimwita. Alilitaja jina la mkwe wangu waziwazi, kwa sauti ya kuimba, "njoo, njoo ule uji". Mwili ulinisisimka kama nimemwona mzee anavuliwa nguo sokoni. Nikaziba masikio kwa kanga nikapanda gari. Jioni mzee aliponiuliza huko wanamlea vipi somo wake, nilimjibu kuwa wanampa uji.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda kuchungulia. Sikubisha hodi, nilisimama dirishani upande wa kivuli. Nilitazamia kuona ubao, hata mmoja, hata daftari moja. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na makopo yaliyotiwa mawe, vifuu vya nazi, vijiko vya mbao, beseni la maji, na kioo kilichobandikwa chini kabisa ukutani ili mtoto anayetambaa ajione. Kioo! Mama yangu alinikataza hata kumpitisha mtoto mbele ya kioo kabla meno hayajakamilika. Watoto walikuwa wakichota maji kwa kifuu na kuyamwaga, wakichota na kuyamwaga, na yule binti anawatazama na kutabasamu kana kwamba wanajenga msikiti.

Kisha akachukua kifuu ambacho mwanangu alikuwa anakichezea, akakifunika kwa kanga mbele ya macho yake. Mwanangu alikunja uso. Akatazama kanga, akamtazama binti, akatazama tena kanga, halafu akaivuta. Kifuu kikaonekana, na wote wawili wakacheka. Binti akakificha tena.

Hapo nikaingia. "Hayo ndiyo masomo? Mnawafundisha watoto wetu wakinyang'anywa kitu wacheke?"

Hakukasirika, na hilo lilinitia shaka zaidi. "Mama, akiwa mdogo sana, kitu kikifichwa anadhani kimekwisha. Hakitafuti. Sasa anajua kuwa kipo, ila hakionekani. Hilo ni jambo kubwa kwa mtoto. Ndilo linalomfanya aweze kungoja urudi kazini bila kulia siku nzima."

"Na maji?"

"Maji anapima. Kifuu kikubwa kinajaza kile kidogo mara ngapi. Anapima kwa mikono, bado hana maneno."

Nilimwambia kuwa mtoto wangu akitaka kupima maji, mtungi uko nyumbani. Lakini niliondoka nikilifikiria lile la kungoja. Ni kweli mwanangu alikuwa ameacha kulia nikimwacha. Nilidhani ni dawa ya kwenye uji.

Nyumbani alianza vituko. Aliangusha kijiko, nikaokota, akakiangusha tena akinitazama usoni. Alitupa simu yangu mtungini akainama kusikiliza. Aliketi karibu na babu yake akaanza kuingiza vipande vya mianzi kwenye mdomo wa dema na kuvitoa, kuingiza na kuvitoa, kutwa nzima. Mzee alifurahi. "Khm. Huyu anaujua mlango wa dema," alisema. "Anajua kuingia ni rahisi." Mtoto alionyesha kila kitu kwa kidole: kuku, mwezi, mgeni, kovu la shingoni kwangu. Kila alichokionyesha alinitazama kama amekiona yeye kwanza na ananigawia. Nilipendezwa, sitasema uongo. Lakini kila nilipopendezwa nilijiuliza nani aliyemtia mambo haya kichwani, na kwa faida ya nani.

Jioni moja edukadora alinizuia mlangoni. Uso wake haukuwa wa kila siku.

"Mama, nina neno. Mwanao namwita, hageuki."

"Anageuka."

"Kwako labda. Mie namwita tangu alipokuja. Namwita kwa mbali, namwita kwa karibu, namwita nikiwa nyuma yake. Wenzake wakiitwa wanageuka, hata wadogo kuliko yeye. Yeye hapana."

"Basi ni kiziwi?"

"Nikipiga kopo anageuka hapo hapo. Mlango ukigonga anageuka." Akapunguza sauti. "Anasikia makopo, hasikii watu."

Nilitamani kumpiga. Badala yake nilimchukua mwanangu nikaondoka bila kuaga. Njiani nilimwambia moyoni yule binti kila neno baya ninalolijua la Kiswahili, na ninayajua mengi. Nilipofika nilimkalisha mtoto mkekani na kifuu chake, nikaenda nyuma yake, nikasema polepole, "Baba." Akageuka. Nikasogea mbali zaidi, nikaita tena. Akageuka, akacheka. Nikaita mpaka akachoka na mchezo, akaacha kugeuka. Na pale alipoacha, nikajiuliza. Je, kama yule binti ameona kweli kitu ambacho mimi, kwa mapenzi, sikioni?

Kuanzia siku hiyo nilimwangalia mwanangu kwa jicho baya. Nilihesabu dosari zake. Mbona anapenda vitu kuliko watu? Mbona anaweza kukaa na dema asubuhi nzima? Nilikuwa nikimtilia shaka binti wa bara, nikaanza kumtilia shaka mtoto wangu mwenyewe, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Ikaja habari kuwa dotora, daktari wa watoto, anakuja kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kuwatazama watoto wa skolinya. Edukadora aliniambia kwa upole kwamba Pemba kuna nyumba wanakowaangalia watoto wasioitika, kwa wiki kadhaa.

"Na mama yake?"

"Sijui kama wana nafasi ya akina mama."

Nikasema moyoni, ndiyo hii. Ndiyo bei yenyewe ya uji wa bure. Ardhi ilichukuliwa kwa ramani, mtoto atachukuliwa kwa ugonjwa. Nikikataa, skolinya haitampokea tena, nami nitaacha kazi. Nikikubali, mwanangu atalala Pemba kwa watu wasiojua kuwa halali bila kushika sikio la mtu. Na kama ni mgonjwa kweli, je? Hapo ndipo nilipokwama. Mume wangu nilimpigia simu, akasema watu wa Pemba wamesoma. Nikakata.

Nikamweleza baba mkwe. Alisikiliza huku anakwangua mwanzi.

"Khm. Sikio lake ni zima. Mie namwita, anakuja."

"Ndivyo nilivyomwambia, baba."

"Basi na mie nitakwenda. Mtu hachukuliwi kwetu bila mwanamume kuwapo."

Siku ya dotora mzee alivaa kanzu yake ya Idi na kofia, akatembea mbele yetu katikati ya zile nyumba zinazofanana. Gari lilikuwa pale mlangoni. Lilikuwa jeupe. Nilimshika mtoto vizuri.

Chumbani palikuwa na wanawake peke yao, kwa hiyo mzee hakuingia. Aliketi nje kwenye benchi la saruji, chini ya dirisha, akatoa kikopo chake cha ugoro. Dotora alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kwenye kamba, anasema Kireno, na edukadora akitafsiri. Alimkalisha mwanangu mkekani, akampa vifuu na makopo, akamtazama kwa muda mrefu. Mwanangu akaanza kazi yake ya kuingiza na kutoa. Dotora akasema kitu, edukadora akaniambia, "Anasema mikono yake ina akili." Mfanyabiashara naye husifu ng'ombe kabla hajataja bei.

Kisha akaenda nyuma ya mtoto akagonga kopo. Mtoto akageuka. Akangoja mtoto arudi kwenye mchezo, akamwita kwa jina lake kwa sauti ndogo. Mtoto akaendelea kuingiza kifuu kwenye kopo. Akaita kwa sauti ya kawaida. Hakuna kitu. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikimsikia mwanamke mgeni akimtaja mkwe wangu, naye mwenyewe ameketi pale nje kwa kanzu yake safi.

Dotora akanigeukia. Edukadora akatafsiri, "Anasema umwite wewe."

Nikasema, "Baba." Mtoto akageuka.

Dotora akatikisa kichwa, na edukadora akaeleza: "Hapana, amesema umwite kwa jina lake. Neno 'baba' kila mtoto analisikia, anataka kujua kama anajijua yeye."

Nikaangalia dirishani.

"Mama, jina lake. Mara moja tu."

"Siwezi."

Nikaona macho ya dotora yanabadilika. Mpaka wakati ule alikuwa anamshuku mtoto, sasa akaanza kunishuku mimi. Alinitazama kama anavyotazamwa mwanamke aliyeokota mtoto. Akauliza neno kwa sauti ya chini, na edukadora akaona haya kulitafsiri, lakini akalitafsiri: "Anauliza, huyu mtoto umemzaa wewe?"

Kama si heshima ya mzee nje, siku ile watu wangekuja kutuamua. Dotora akahema, akageuka, akasimama katikati ya chumba, na kwa mara ya mwisho akaita lile jina kwa kifua chake chote.

Nje, chini ya dirisha, mtu akakohoa. "Khm. Naam."

Dotora akatazama dirisha, hakuelewa. Akamrudia mtoto, akaita tena.

"Naam," mzee akasema. "Nasikia. Sema."

Na mwanangu, ambaye hakugeukia jina wala sauti ya dotora, aliposikia kile kikohozi alitupa kifuu, akasimama akiyumba, akainua mikono kuelekea dirishani apakatwe.

Edukadora akajiziba mdomo. Alicheka mpaka akaketi chini. "Shara yake, somo wake," akasema, kisha akamwambia dotora kwa Kireno, kisha akanigeukia mimi. "Kumbe yule ni mkweo! Na mtoto kapewa jina lake! Na hata kwetu bara, mama, hata kwetu mkamwana hathubutu. Nyumbani nani anamwita kwa jina hili?"

Nikafikiri. Babu yake humwita somo. Majirani humwita somo. Baba yake atalitajaje jina la mzazi wake kumkemea mtoto? Mimi ndio kabisa. "Hakuna," nikasema.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo nyumbani. Tangu adhana ya sikioni siku ya kuzaliwa kwake, mwanangu alikuwa hajaambiwa kuwa sauti ile ni yake. Wenzake walipoitwa waligeuka kwa sababu mama zao waliwaita mara elfu kabla. Yeye kila siku alimsikia binti wa bara akiimba neno fulani, akadhani ni kelele za mle ndani.

Msidhani nilifurahi. Nilipandwa na hasira. Walitaka kumpeleka mtoto wangu Pemba kwa sababu kwetu kuna adabu. Dotora aliomba radhi, kwa mikono yote miwili, nikaipokea kama mtu apokeavyo chenji iliyopungua. Lakini akasema neno moja ambalo silisahau. Alisema, atakwenda shule, ataitwa. Atakuwa hospitali, ataitwa. Atakuwa njiani kwenye watu wengi, na mtu anayemtafuta atamwita kwa jina hili, siyo kwa lile la nyumbani. Nani atamfundisha kuwa ndiye yeye?

"Atajua akikua," nikasema.

Mzee alikuwa anasikia yote. Akakohoa pale dirishani. "Mkamwana, mwite. Mie nimekuruhusu."

"Siwezi, baba."

"Najua," akasema. Nikasikia kikopo cha ugoro kikifungwa. "Basi nitamfundisha mwenyewe."

Kuanzia kesho yake alihamisha kazi yake. Kila asubuhi aliketi ndani ya mlango wa skolinya, kwenye kigoda, na mianzi yake miguuni, mwanamume peke yake kati ya watoto, bila kujali waliocheka. Edukadora aliita jina. Mzee akakohoa, akajibu, "Naam." Mtoto akamtazama babu yake. Edukadora akamsogelea mtoto, akamgusa kifua, akaita tena, na mzee tena, "Naam." Walifanya hivyo huku uji ukipoa, huku maji yakimwagwa, wakiufanya mchezo katikati ya michezo mingine, kwa sababu, edukadora alisema, mtoto wa umri ule hafundishwi kwa kuambiwa. Huiba kwa macho.

Watoto wengine nao wakaiba. Kwa muda watoto wote wa skolinya, mmoja baada ya mwingine, wakiitwa walikohoa kwanza. Akina mama wakalalamika kuwa kuna mafua.

Mimi sikuyaona hayo. Nilikuwa kambini nakwangua masufuria ya watu wasionijua. Niliambiwa jioni moja mlangoni kwamba mwanangu ameitika. Sikuamini. "Mwite nione," nikasema, nikageukia ukuta ili nisisikie sana. Edukadora akaita. Na nyuma yangu sauti ndogo ikasema, "Khm. Naam."

Kikohozi kilikuwamo. Alidhani ni sehemu ya jibu. Nilicheka, halafu wivu ukanishika, wivu wa kweli, kwa sababu mtoto niliyemzaa alikuwa na mlango ambao kila mtu angeweza kuufungua isipokuwa mimi. Hata hivyo nilimpa edukadora mkono siku ile. Kumwamini bado. Nilimwambia apunguze sukari kwenye uji.

Masika yalipokuja mzee aliugua kifua. Hakuugua sana wala hakuugua muda mrefu. Alitutoka mchana, mvua ikipiga lile bati jipya kwa kishindo, hata mimi niliyemwinamia sikusikia neno lake la mwisho, kama lilikuwapo. Tukamzika katika makaburi ya kijiji kipya, ardhi ambayo haikuwa na mtu wake hata mmoja. Hilo linaniumiza hadi leo. Mke wake yuko ng'ambo ya uzio.

Mtoto alimtafuta. Alikwenda nyuma ya nyumba akachungulia ndani ya madema, moja baada ya jingine. Aliinua mkeka wa mzee, akatazama chini yake, akaurudisha, akauinua tena. Alikuwa amefundishwa kuwa kilichofunikwa kipo, naye alikuwa mwanafunzi mzuri. Nilimwacha atafute.

Siku ya hitima wanaume waliketi nje kwenye majamvi, chini ya turubai, na sisi wanawake ndani, mlango wazi. Edukadora alikuja, amejitanda kanga kichwani, ule msalaba ameuficha ndani ya nguo. Niliuona uzi wake shingoni. Nikamsogezea nafasi. Mwanangu alikuwa kati yetu sakafuni na kifuu chake na kopo.

Kisomo kikaisha, ikaanza dua. Msomaji, mtu wa kijiji jirani asiyetujua vizuri, aliinua mikono, akaomba kwa Kiarabu kirefu, tukawa tunaitikia amina. Akafika pale anapoombewa marehemu kwa jina. Akalitaja, polepole na kwa sauti, kama inavyopasa.

"Khm," akasema mwanangu. "Naam."

Sauti ilitoka nje kupitia mlangoni. Msomaji akasita. Hakuna aliyecheka. Nikaona mabega ya mume wangu, aliyeketi mbele na kunipa mgongo, yakitikisika. Msomaji akarudi nyuma kidogo katika dua yake kama mtu aliyepoteza mstari, akalifikia tena lile jina.

"Naam," mwanangu akajibu, safari hii kwa nguvu, maana ameitwa mara mbili na hakuna aliyekuja kumchukua. Akasimama. Akatazama mlangoni, pale penye mwanga, mahali ambapo katika skolinya palikuwa na kigoda.

Bibi mmoja akaninong'oneza nimnyamazishe mtoto. Edukadora aliniangalia lakini hakunyosha mkono, aliniachia mimi. Nilikuwa na neno moja tu la kumwitia, lile ambalo tangu azaliwe nikilitamka waligeuka wawili.

"Baba," nikasema.

Aligeuka mmoja, na hakuna aliyeuliza yupi.